TANDIKO LA KUKUNJA

Mwadui ni mji wa mgodi ulioko katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Almasi ziligunduliwa hapo mwaka 1940. Lakini wilaya hiyo ina mali nyingine, nayo ni pamba. Katika somo hili tutaitumia pamba kutengeneza tandiko linalokunjwa na kubebwa begani.

Tandiko hili humfaa mgeni afikaye jioni wakati vitanda havitoshi, na mwanafunzi aendaye kambini. Hufaa pia wakati wa maafa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likaingia katika makazi na mashamba. Watu walioharibikiwa nyumba walihitaji mahali pengine pa kulala.

Kwa nini sakafu hutupoza?

Katika miezi ya Juni na Julai, usiku huwa na baridi mkoani Shinyanga. Mtu aliyelala juu ya mkeka mtupu huweza kujifunika blanketi zito na bado akasikia baridi mgongoni. Joto hutoka katika kitu chenye joto zaidi kwenda katika kitu chenye joto pungufu. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 za Selsiasi hivi, nayo sakafu ina joto pungufu. Vinapogusana, joto la mwili hupita kwenda sakafuni. Njia hii huitwa mpitisho. Blanketi lililo juu haliwezi kuzuia joto linalopotea chini.

Hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Nyuzi za pamba kavu hushika hewa nyingi kati yake, na hewa hiyo ndiyo hutukinga. Pamba ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Jaribio

Chukua makopo matatu yaliyo sawa, yenye vifuniko. Liache kopo A wazi. Lifunge kopo B kwa pamba kavu, na kopo C kwa pamba iliyoloweshwa. Mwalimu atatia maji ya moto ya kiasi kilicho sawa katika kila kopo. Baada ya dakika 20, pima joto la maji kwa kipimajoto. Je, maji ya kopo lipi yana joto zaidi? Linganisha B na C. Eleza sababu.

Vifaa

1. Vipande viwili vya marekani, kila kimoja sentimita 200 kwa 80.
2. Nyuzi za pamba kilo 3. Pamba mbegu kilo 9 hutoa kiasi hicho. Pamba fifi, ambayo bei yake ni ndogo, inafaa.
3. Sindano, uzi imara na mikanda miwili ya kitambaa.
4. Karatasi ya plastiki au turubai la kutandika chini.

Usitumie kamwe gunia au mfuko uliohifadhi dawa ya kuua wadudu, hata kama umefuliwa. Sumu huweza kubaki.

Namna ya kutengeneza

1. Toa mbegu zote, kwa maana huwavuta panya. Anika pamba juani, kisha itawanye kwa vidole mpaka iwe laini.
2. Shona vipande vya marekani pande tatu, uache upande mmoja mfupi. Geuza mfuko, mshono uwe ndani.
3. Tia gramu 500 za pamba chini ya mfuko, uisambaze vizuri. Shona mstari wa kukingama, sentimita 32 kutoka mwisho wa mfuko.
4. Endelea hivyo mpaka upate sehemu sita, kisha ufunge mdomo. Mistari hiyo huzuia pamba isijikusanye upande mmoja, na hapo ndipo tandiko hukunjika.
5. Shona mikanda kwenye ncha moja. Anza kukunja kutoka ncha ya pili, kisha ufunge.

Utunzaji

Uzito wa mwili huigandamiza pamba na kuitoa hewa, nalo jasho huilowesha. Kwa hiyo anika tandiko juani mara kwa mara na ulipige kwa fimbo. Kagua mishono, maana kunguni hujificha humo. Tandiko halimzuii papasi, aletaye homa ya papasi. Ziba nyufa za sakafu ya udongo. Tumia chandarua. Pamba hushika moto upesi, hivyo weka tandiko mbali na jiko na koroboi.

Maswali

1. Kwa nini blanketi peke yake halimtoshi alalaye sakafuni?
2. Plastiki ina kazi gani chini ya tandiko?
3. Tandiko lililoanikwa huongezeka unene. Kwa nini?