Madigadi ya Kwanza Ndiyo Ghali: Hesabu ya Faibaglasi kwa Pikapu ya Jangwani

Seti moja ya faibaglasi ya pikapu ya jangwani, yaani madigadi mbili za mbele na mbavu mbili za sehemu ya mizigo, inaweza kukugharimu dola 18,300. Seti hiyohiyo inaweza kukugharimu dola 1,965. Malighafi ni ileile, fundi ni yuleyule, na saa za kuitandaza ni zilezile. Kinachobadilika ni idadi ya seti zitakazotoka kwenye kalibu moja. Watu wengi wanaoagiza umbo lao wenyewe hulipia kitu wasichokiona garini, kwa hiyo inafaa kukihesabu mapema.

Bei na saa nitakazotumia hapa ni za kukadiria. Nimeziweka namba nzima ili msomaji aweze kuziondoa na kuweka za karakana yake. Vipimo vya uzito na unene ndivyo vya kazi yenyewe.

Ufundi huu umekomaa kusini mwa California na katika rasi ya Baja, Meksiko, ambako mbio za Baja 1000 zimekimbiwa tangu 1967. Madereva hutangulia siku kadhaa kuikagua njia wakiwa na pikapu zilizofanyiwa marekebisho, na sura ya pikapu hizo imependwa hata na watu wasioshindana. Marekebisho yanaanzia chini. Mikono mirefu ya saspensheni inasogeza kila gurudumu nje kwa takriban inchi 3.5, karibu milimita 89. Tairi la inchi 29 linabadilishwa kuwa la 35. Gurudumu lililokuwa likipanda na kushuka milimita 200 sasa linatembea milimita 350. Gurudumu la namna hiyo, lililotoka nje, lililo refu zaidi na linalopanda juu zaidi, kwenye shimo la kwanza litakutana na bati la kiwandani. Bati la unene wa milimita 0.8 halivutiki kiasi hicho bila kupasuka. Inabidi umbo jipya litafutwe.

Mtu akiulizwa kwa nini faibaglasi, jibu la haraka ni kwamba ni nyepesi. Hebu tupime. Mita moja ya mraba ya bati la chuma la milimita 0.8 ina kilo 6.3. Upande wa faibaglasi tuchukue matabaka mawili ya mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na moja la gramu 225. Mkeka wa aina hii hunywa rezini ya poliesta mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Tukitumia 2.3, tunapata gramu 1,125 za kioo na kilo 2.6 za rezini, jumla kilo 3.7, unene karibu milimita 2.5. Ongeza gramu 600 za jelkoti, lile tabaka la juu linaloonekana, na mita ya mraba inafika kilo 4.3.

Seti yetu ina eneo la mita za mraba 5.2 hivi. Kwa chuma ni kilo 33, kwa faibaglasi ni kilo 22. Umeokoa kama kilo 10 kwenye gari la kilo 1,500, yaani chini ya asilimia 1. Ubavu wa kiwandani una bati la ndani pia, kwa hiyo ukiling'oa unaokoa zaidi, lakini kilo hizo hazielezi peke yake kwa nini mtu atoe maelfu ya dola.

Na ugumu je? Chuma chenyewe ni kigumu karibu mara 27 kuliko mkeka uliokauka na rezini yake. Lakini jinsi paneli inavyostahimili kupinda hutegemea unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Unene ukiongezeka maradufu, ugumu unakuwa mara nane. Kwa sababu hiyo milimita 2.5 za faibaglasi zinalingana na milimita 0.8 za chuma, hata kuzizidi kidogo. Fundi anayepunguza tabaka moja ili aseme kazi yake ni nyepesi anampa mteja madigadi itakayotikisika kama karatasi kwenye barabara ya makorongo. Napenda kuona tabaka la ziada kwenye kingo na pale boliti zinapopita, kwa sababu huko ndiko nyufa huanzia.

Basi faida kubwa ya faibaglasi ni umbo. Unaweza kupata umbo lolote bila mashine ya kukandamiza chuma, ukiwa na brashi, rola, kalibu na mikono iliyozoea. Fundi wa boti wa Mombasa au Dar es Salaam akiingia kwenye karakana hizo za California ataitambua kila hatua.

Kalibu sasa. Hapa ndipo pesa inapoishia.

Kabla ya kalibu lazima kuwe na umbo la kwanza. Fundi huchukua madigadi ya kiwandani, huikata, huipanua, hujaza povu gumu, hutandika mkeka juu yake, kisha puti, kisha msasa. Msasa huanzia namba 80, unakwenda 180, 320, 600, hadi 1000. Kalibu hunakili kila kitu, na mkwaruzo uliobaki kwenye umbo la kwanza utatokea kwenye kila kipande kitakachozaliwa humo. Fundi mzuri huchukua taa ndefu ya mrija, akaiweka pembeni ya kazi, kisha akatazama mstari wa mwanga unavyopita juu ya rangi. Mstari ukiyumba, kuna bonde. Bonde la nusu milimita jicho halilioni kwa kutazama moja kwa moja, lakini mwanga unalifichua, na gari likishapigwa rangi nyeusi kila mtu atalifichua.

Halafu kuna jambo ambalo wateja wengi hawalifikirii: kushoto na kulia si kitu kimoja. Madigadi ya kushoto haiwezi kutoka kwenye kalibu la kulia. Kwa hiyo vipande vinne ni maumbo ya kwanza manne na makalibu manne, na pande mbili lazima zifanane kama kioo. Tofauti ya milimita tano juu ya tairi inaonekana mtu akisimama mbele ya gari. Siku hizi baadhi ya karakana hupima upande mmoja kwa skana, zikaugeuza kwenye kompyuta, na mashine ikachonga povu la upande wa pili. Hiyo husaidia sana, ingawa uso bado unamaliziwa kwa msasa na mkono wa mtu.

Tuseme kila umbo la kwanza linakula saa 35. Mara nne, saa 140. Kalibu lenyewe, pamoja na nta matabaka kadhaa, jelkoti yake ngumu, mikeka inayofikia unene wa milimita 8 hivi na mbavu za kulikaza lisijipinde, linakula saa 15. Mara nne, saa 60. Jumla ni saa 200. Kwa dola 75 kwa saa ni dola 15,000, na malighafi ya makalibu tuiweke 1,500. Umeshatumia dola 16,500 na hujapata hata kipande kimoja cha kufunga garini.

Seti yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukiweka asilimia 10 ya upotevu unahitaji kilo 6.4 za mkeka, kilo 14.8 za rezini na kilo 3.4 za jelkoti. Kwa dola 10 kilo ya mkeka na ya rezini, na dola 18 ya jelkoti, ni kama dola 273. Pamoja na hadina, yaani kigandisha rezini, nta na brashi za kutupa, sema 300. Saa za kazi 20, dola 1,500. Jumla 1,800. Kwenye seti ile ya kwanza ya dola 18,300, malighafi inayobaki garini haifiki asilimia 2 ya bei. Anayebishana na fundi juu ya bei ya rezini anabishania sehemu ndogo kabisa ya bili.

Gawanya sasa zile dola 16,500 kwa idadi ya seti, kisha ongeza 1,800. Seti nne: dola 5,925 kila moja. Seti kumi: 3,450. Hamsini: 2,130. Mia: 1,965. Tazama jinsi bei inavyoporomoka mwanzoni, kisha inavyogoma. Kutoka moja hadi kumi umeokoa karibu dola 15,000 kwa seti. Kutoka hamsini hadi mia umeokoa 165, na hata hizo kalibu litazidai kwa kung'arishwa na kuzibwa mikwaruzo. Zile saa 20 za mkono hazishuki kwa sababu umeongeza oda.

Je, gari ni moja tu? Kuna njia nyingine. Fundi huchonga povu juu ya gari lenyewe, akatandaza mkeka juu yake, akaulainisha kwa nje, bila kalibu. Tuseme saa 22 kwa kipande, saa 88 kwa vinne: dola 6,600 za kazi na 400 za malighafi, jumla 7,000. Kipande huwa kizito kidogo kwa sababu ya puti, na uso wake umetegemea msasa badala ya kalibu. Hata hivyo kwa gari moja ni nafuu kuliko kalibu kwa zaidi ya dola 11,000. Kwa magari matatu ni 21,000 dhidi ya 21,900, karibu sare. Kwa manne kalibu linashinda: 23,700 dhidi ya 28,000. Ukiagizwa seti tatu au chini, usitengeneze kalibu. Ukizidi hapo, litengeneze bila kusita.

Juu zaidi kuna ukomo mwingine. Kalibu moja la kutandaza kwa mkono hutoa kipande kimoja kwa siku kwa mwendo wa kawaida. Rezini yenyewe haitaki haraka: kwenye kilo moja unaweka gramu 15 za hadina, na kwenye nyuzijoto 25 una kama robo saa kabla haijaganda kwenye ndoo. Kwenye joto la 35 muda unapungua sana, na anayeongeza hadina ili amalize mapema hupata mapovu na joto linalokunja kipande. Mapovu hayo unaweza kuyasikia. Gonga polepole kwa sarafu juu ya madigadi iliyokauka: pazuri panatoa mlio mkavu, penye hewa panatoa mlio mzito uliokufa. Ni kipimo cha sekunde thelathini na kila mteja ana haki ya kukifanya kabla ya kulipa.

Seti moja kwa siku ni seti 250 kwa mwaka wa kazi. Tukikadiria kwamba makalibu ya chuma ya paneli nne ni dola milioni 4 na kila seti ya bati ni dola 200, chuma kinakuwa nafuu kuliko faibaglasi kwenye seti karibu 2,500. Kwa mwendo wa mkono, hiyo ni miaka kumi. Chevrolet walilikuta swali hili mapema. Corvette ya 1953 ilitoka na bodi ya faibaglasi, magari 300 tu mwaka ule, yakiundwa kwa mkono huko Flint, Michigan. Mwaka uliofuata yalikuwa 3,640, na kampuni ya Molded Fiber Glass ya Ashtabula, Ohio, ikawa inakandamiza paneli zake kati ya makalibu ya chuma. Faibaglasi ilibaki, mkono ukapungua.

Kuna hesabu moja inayowaumiza wabunifu, nami naiona kuwa ya dhuluma. Kipande kilichokamilika ni umbo la kwanza lililo tayari. Mtu akinunua madigadi yako, akaipaka nta na kuitandazia mkeka, amepata kalibu bila zile saa 140, yaani amekwepa dola 10,500 kati ya 16,500. Bruce Meyers aliyaonja hayo. Alikuwa fundi wa boti huko Newport Beach, California, na mwaka 1964 aliunda kigari cha faibaglasi cha kukimbia mchangani, Meyers Manx. Aprili 1967 yeye na Ted Mangels walikitumia kutoka La Paz hadi Tijuana kwa saa 34 na dakika 45, na Novemba mwaka uleule kigari cha aina hiyo kikashinda mbio za kwanza za Baja. Waigaji wakamiminika. Alikwenda mahakamani kutetea hataza yake akashindwa. Kampuni yake ilitoa bodi kama 6,000. Nakala za wengine duniani hukadiriwa kuwa zaidi ya 250,000.

Ndani ya dola 75 za saa moja pia kuna pumzi ya fundi. Rezini ya poliesta ina stairini kati ya asilimia 35 na 45, na sehemu yake hupanda hewani wakati wa kutandaza. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka stairini kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kiwango cha juu cha stairini hewani kinachoruhusiwa na serikali kuu ya Marekani ni sehemu 100 kwa milioni kwa wastani wa saa nane. California inataka 50. Hadina ikiruka jichoni inaweza kulipofusha. Feni za kuvuta hewa, barakoa zenye chujio na miwani ni gharama halisi, na karakana inayotoza nusu ya bei mara nyingi imezikata hizo kwanza. Vijana wanaochanganya rezini wakiwa wamejifunga kitambaa tu puani wanalipa tofauti hiyo kwa miili yao.

Kwa hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, uliza idadi, kisha uliza umiliki. Iandikwe kwenye karatasi kama makalibu ni yako au ya karakana, nani atayatunza, na kama karakana inaruhusiwa kumuuzia mtu mwingine vipande vyake. Karakana ikibaki nayo, ina sababu ya kubeba sehemu ya zile dola 16,500, na ni haki kuidai. Yakiwa yako, hesabu pia ajali: huko Baja madigadi huvunjika kwenye miamba na vichaka vya miiba. Kutoka kwenye kalibu, nyingine ni dola 450. Bila kalibu ni 1,750, na kufanana na ya upande wa pili kutategemea jicho la fundi siku hiyo.