MOYO WA MAMA MJAMZITO NA MAMA MZAZI

Wananchi na watumishi wa umma wanafahamishwa kuwa maradhi ya moyo na maradhi ya akili, yanapompata mjamzito au mzazi, huwa na dalili zinazofanana mno. Kudhani moja ni jingine kwaweza kugharimu maisha.

Mfano ulio mwepesi kufahamika ni wa Wilaya ya Same, Mkoani Kilimanjaro. Mji wa Same upo tambarare, lakini vijiji vingi vimo katika Milima ya Pare ya Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kina mita 2,462. Mjamzito wa huko akihema, husemwa ni mlima. Asipopata usingizi, husemwa ni mawazo. Pengine ndivyo. Lakini upo ugonjwa unaodhoofisha misuli ya moyo mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Mwenye ugonjwa huo huvimba miguu, hukohoa usiku, na hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito.

Huzuni na hofu nazo haziishii kichwani. Huuendesha moyo mbio, huondoa usingizi, na humfanya mama aache kliniki na dawa. Vilevile, aliyenusurika kifafa cha mimba huwa karibu zaidi na sonona, na miaka ya baadaye karibu zaidi na maradhi ya moyo. Basi mama asemaye “moyo unanienda mbio” apimwe, na pia aulizwe. Kumpa pole peke yake hakutoshi.

Shinikizo la damu la 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya ujauzito ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Kwa upande wa akili, yapo maswali kumi kuhusu hali ya mama katika siku saba zilizopita, yaliyochapishwa mwaka 1987 na Dk. John Cox na wenzake wa Scotland. Daktari huyo alikuwa amewachunguza wajawazito wa Uganda miaka ya 1970.

Wakuu wa kazi nao wazingatie kuwa likizo ya uzazi ya siku 84, iliyo kawaida Tanzania Bara, humalizika kabla ya miezi hiyo mitano. Mtumishi aliyerejea kazini akilalamikia uchovu na pumzi asidhaniwe mvivu. Apewe ruhusa ya kwenda kupimwa.