Nyaraka za Umma na Haki ya Raia: Mfano wa Mji wa Kisangani

Utangulizi

Neno "nyaraka" linapotajwa, wasomaji wengi hufikiria karatasi kuukuu zilizojaa vumbi, ambazo zinawahusu wanahistoria peke yao. Fikra hiyo ina upungufu. Hati ya umma huandikwa kwanza kwa ajili ya kazi: kuthibitisha kwamba mtoto amezaliwa, kwamba kiwanja kina mwenyewe, kwamba mtumishi ameajiriwa, au kwamba marehemu amekufa siku fulani mahali fulani. Historia huja baadaye kuokota kile ambacho utawala umekitunza. Pale ambapo utawala haukutunza, mwanahistoria hukosa habari, lakini raia hukosa zaidi: hukosa ushahidi wa haki yake.

Makala haya yanaeleza dhima ya maktaba na hifadhi za nyaraka za dola katika kutunza kumbukumbu za umma. Mfano uliotumiwa ni Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyaraka za mji huu zimesafirishwa mbali, zimepitiwa na vita, na hatimaye upungufu wake umeonekana mbele ya mahakama ya kimataifa.

Maktaba na hifadhi ya nyaraka

Ni vema kwanza kutofautisha taasisi hizi mbili. Maktaba hutunza zaidi vitu vilivyochapishwa: vitabu, magazeti, majarida na matoleo ya serikali. Kitabu kikipotea katika maktaba moja, huenda nakala yake ikapatikana katika nyingine. Hifadhi ya nyaraka hutunza barua, madaftari, ramani, mikataba na majalada ya ofisi, ambayo mara nyingi huwa na nakala moja tu. Jalada likiungua, halina pa kutafutwa tena.

Tofauti ya pili ni ya mpangilio. Mkutubi hupanga vitabu kwa mada. Mtunza nyaraka huheshimu asili ya nyaraka: majalada ya ofisi moja hukaa pamoja, kwa mpangilio ule ule uliotumika katika masijala ya ofisi hiyo. Sababu yake ni ya msingi. Barua iliyong'olewa katika jalada lake hupoteza sehemu ya ushahidi wake, kwani haijulikani tena ilijibu barua gani, ilimfikia nani, wala ilizaa uamuzi gani.

Kongo ina sheria juu ya mambo haya yote mawili. Sheria ya tarehe 2 Januari 1974 inahusu wajibu wa kuwasilisha machapisho kwa dola, na sheria ya tarehe 11 Julai 1978 iliweka utaratibu mkuu wa nyaraka. Hata hivyo, Maktaba ya Taifa na makao ya nyaraka za taifa yako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kisangani kwa njia ya mto. Kwa hiyo hatima ya majalada ya Kisangani huamuliwa zaidi na ofisi za jimbo, ofisi ya meya, ofisi za komuni sita za mji (Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Kisangani na Lubunga), mahakama, na Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huria cha Kongo.

Historia iliyotawanyika

Kituo cha Stanley Falls kilianzishwa mwezi Desemba 1883. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliteuliwa kuwa gavana wa eneo hilo kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Masimulizi ya maisha yake, ambayo ni miongoni mwa maandishi muhimu ya nathari ya Kiswahili, yalichapishwa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Barua nyingine za Kiarabu na za Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zilizotoka Kongo katika miaka ya 1880 na 1890, zimo katika hifadhi za Ubelgiji, na mwaka 2020 mtaalamu Xavier Luffin alichapisha uchunguzi wake juu yake. Hivyo Kiswahili kilikuwa lugha ya hati katika Kongo ya mashariki kabla Kifaransa hakijatawala ofisi zote. Jambo hilo linajulikana leo kwa kuwa karatasi chache zilibahatika kuhifadhiwa, ingawa ni mbali na zilikoandikiwa.

Nyaraka nyingine hazikupata bahati hiyo. Mwaka 1908, Leopold alipokuwa akiikabidhi Kongo kwa dola ya Ubelgiji, sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wake ilichomwa moto mjini Brussels. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, shehena kubwa ya nyaraka za utawala wa kikoloni ilisafirishwa kwenda Ubelgiji, ambako kwa miongo mingi ilitunzwa na Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kuanza kuhamishiwa katika Nyaraka za Dola za nchi hiyo. Kumbukumbu za misheni ya Wabaptisti ya Yakusu, jirani na Kisangani, nazo zimo katika mkusanyo wa misheni hiyo mjini Oxford, Uingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Kisangani anayetaka kuandika historia ya mji wake hulazimika kuomba viza.

Baada ya uhuru matatizo yaliongezeka. Waasi wa Simba waliuteka mji mwanzoni mwa Agosti 1964, na askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliingia tarehe 24 Novemba mwaka huo huo. Maasi mengine ya kijeshi yalifuata mwaka 1966 na 1967. Katika kipindi hiki thamani ya maktaba ilidhihirika. Kituo cha utafiti cha CRISP cha Brussels kilichapisha mfululizo wa vitabu vya hati za kisiasa za Kongo, kila kitabu kikihusu mwaka wake, na Benoît Verhaegen, ambaye baadaye alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kisangani, alitoa juzuu mbili juu ya maasi hayo mwaka 1966 na 1969. Tamko ambalo asili yake imepotea bado laweza kusomwa kwa sababu lilichapishwa na kuwekwa katika maktaba kadhaa. Kuchapisha, kwa hiyo, ni njia mojawapo ya kuhifadhi.

Mabadiliko ya majina na mipaka nayo yameacha suala lake. Stanleyville iliitwa Kisangani mwaka 1966. Jimbo la Mashariki liliitwa Zaire ya Juu mwaka 1971, likarudishiwa jina lake mwaka 1997, na mwaka 2015 likagawanywa kuwa majimbo manne: Tshopo, Ituri, Uele ya Chini na Uele ya Juu. Je, majalada ya jimbo la zamani ni ya nani? Kanuni ya kuheshimu asili ya nyaraka inatoa jibu: yasigawanywe kama mali ya urithi, bali yakae pamoja, yaorodheshwe, na kila jimbo jipya lipewe nakala ya yale yanayolihusu.

Kisangani mbele ya mahakama

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 juu ya uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003 inataja kwamba, kwa mujibu wa vyanzo mbalimbali, raia waliouawa walikuwa kati ya 244 na 760. Tofauti ya watu 516 haipaswi kupitwa haraka. Ni watu ambao kufa kwao hakukuandikwa kwa namna inayoweza kuthibitishwa.

Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda iliwajibika kuilipa Kongo fidia. Mazungumzo ya kiwango chake yaliposhindikana, shauri lilirudi mahakamani. Kongo ilidai zaidi ya dola za Marekani bilioni 11, na ilikadiria kwamba waliokufa walikuwa 180,000. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa fomu za wahanga zilizojazwa miaka mingi baada ya matukio, ambazo nyingi hazikuambatanishwa na vyeti vya vifo wala kumbukumbu za hospitali. Katika hukumu ya tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ilikubali kwamba katika vita kama hivyo ushahidi kamili ni mgumu kupatikana. Hata hivyo, ilikadiria vifo kuwa kati ya 10,000 na 15,000, na ikaamuru fidia ya dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Ripoti za Umoja wa Mataifa zilikuwa na uzito mkubwa katika hesabu hiyo. Yaani dola iliyodai ilitegemea kwa kiasi kikubwa kumbukumbu zilizotungwa na wengine.

Uganda ililipa awamu ya kwanza ya dola milioni 65 mwezi Septemba 2022, na serikali ya Kongo imeunda mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, wenye makao yake Kisangani. Hapo swali la The Hague linarudi katika umbo dogo na chungu zaidi: mjane wa Mangobo au wa Tshopo atathibitishaje kwamba mumewe aliuawa na kombora, au kwamba nyumba iliyobomoka ilikuwa yake? Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, haki juu ya kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha usajili. Kwa Sheria ya Familia ya mwaka 1987, kifo huthibitishwa kwa cheti cha ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Asiye na karatasi hubaki na mashahidi, nao huzeeka na kufa.

Mfano wa Kenya unaonyesha upande wa pili. Wazee walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau waliposhtaki Uingereza, serikali ya nchi hiyo ilikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeficha huko Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Majalada hayo yaliwapa nguvu wadai na wanahistoria waliowasaidia. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Karatasi zilizohamishwa ili zisionekane ndizo zilizokuja kutoa ushahidi, kwa kuwa hazikuteketezwa.

Kazi ya kuhifadhi

Kisangani iko karibu kabisa na Ikweta. Joto, unyevunyevu, ukungu na mchwa ni maadui wa kila siku wa karatasi. Hata hivyo, kazi inawezekana. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, kilomita zipatazo 100 kutoka mjini, watumishi wa zamani waliandika kwa mkono, kuanzia mwaka 1937, majira ya maua, matunda na kupukutika kwa majani ya miti ya msituni. Madaftari hayo yalidumu, na katika karne hii yamenakiliwa kwa kompyuta na kuwasaidia wanasayansi kuchunguza tabianchi. Walioyaandika hawakujua yangetumika hivyo.

Hatua za msingi hazihitaji majengo ya fahari. Ya kwanza ni orodha, maana jalada lisiloorodheshwa ni sawa na lililopotea. Ya pili ni ratiba inayosema hati zipi hutupwa baada ya muda na zipi hudumu milele, ili karani asiamue peke yake. Ya tatu ni chumba kikavu, rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni, na masanduku yanayofungika. Ya nne ni nakala kuwekwa mahali pengine, kwani kombora moja haliangukii majengo mawili. Kunakili kwa kompyuta kunasaidia, ila hakuondoi wajibu wa kutunza asili. Nakala ya kompyuta nayo huhitaji umeme, mitambo na mtu wa kuihamisha kila teknolojia inapobadilika.

Hitimisho

Kisangani imeonyesha kwamba gharama ya kutotunza nyaraka hulipwa na wanyonge kwanza. Mwenye cheo ana njia nyingine za kusikilizwa. Mjane ana daftari la komuni tu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga waliosema hivyo walikuwa wakiwazungumzia wafanyabiashara. Kisangani inaonyesha kwamba bila daftari hata wafu hupotea bila habari. Vyuo vikuu vina wajibu hapa: kuwafundisha watunza nyaraka na wakutubi, kuwatuma wanafunzi kuorodhesha majalada ya komuni zao, na kudai nakala za yale yaliyopelekwa Ulaya. Karani anayeandika leo kizazi au kifo kwa mwandiko unaosomeka, kisha akalifungia daftari kabatini, anatoa ushahidi kwa niaba ya mtu ambaye huenda atauhitaji miaka hamsini ijayo.