Parvo ya mbwa: Sabuni pekee haitoshi kuisafisha nyumba

Familia iliyopoteza mtoto wa mbwa kwa ugonjwa wa parvo mara nyingi huleta mwingine baada ya siku chache. Huyo naye hutapika, huharisha damu na kufa, na watu husema nyumba ina mkosi. Ukweli ni kwamba kirusi kilichomuua wa kwanza kingali sakafuni, katika vyombo vya chakula na katika udongo wa uani.

Parvo ya mbwa ilitambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi. Haimwambukizi binadamu, lakini mtu huweza kuibeba kwa mikono na viatu. Kirusi chake hutoka kwa wingi katika kinyesi cha mbwa mgonjwa. Kwa kuwa hakina utando wa mafuta ambao sabuni na spiriti huuyeyusha, huweza kubaki hai ndani ya nyumba kwa mwezi mmoja au zaidi. Dawa ya kawaida ya nyumbani inayokiua ni klorini ya kufulia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki.

Mpangilio wa kazi ni muhimu. Kwanza, vaa glavu, uondoe kinyesi na matapishi yote na kuyafukia. Pili, osha kwa maji na sabuni, kisha suuza vizuri, kwa sababu uchafu hudhoofisha klorini, na mkojo ukichanganyika nayo hutoa hewa yenye sumu.

Tatu, soma kiwango kilichoandikwa kwenye chupa. Klorini ya asilimia 5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji. Ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 20. Tengeneza mchanganyiko siku hiyo hiyo, ueneze mahali pote na upaache pakiwa pamelowa kwa dakika 10, kisha suuza na kukausha. Fungua madirisha, na usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote, hasa ya kusafishia choo.

Matandiko ya mbwa, kamba na vitu vingine visivyooshika vizuri ni heri kuvitupa. Uani ni pagumu zaidi: klorini haifanyi kazi vyema katika udongo, na mahali penye kivuli na unyevunyevu kirusi huweza kudumu kwa miezi mingi, hata mwaka. Ondoa kinyesi chote na uache jua lipige.

Kwa sababu hiyo, usafi bila chanjo haukamiliki. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, na chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Wananchi wanashauriwa kuwasiliana na daktari wa mifugo kabla ya kumleta mbwa mpya, na kutomwingiza katika nyumba iliyokuwa na ugonjwa kabla hajakamilisha chanjo hizo.