Una Namba 800 Kwenye Simu. Ukikwama Usiku, Utampigia Nani?

Hebu tufanye zoezi dogo. Fungua simu yako, ingia kwenye orodha ya majina, kisha ushuke nayo polepole. Utakutana na "Fundi Friji", "Tuktuk Watamu", "Mama Viazi Majengo" na namba mbili tatu ulizoziandika "Usipokee". Sasa jiulize: mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, ni wangapi kati ya hawa ungewapigia, na wangepokea?

Kwa wengi wetu ni watu watano, labda sita. Hao ndio mtandao wako. Waliobaki ni orodha tu.

Somo la mwaka 2020

Huku kwetu Malindi na Kilifi, somo hili tulilipata sote kwa pamoja. Mwishoni mwa Machi 2020, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona. Tarehe 8 Aprili, njia za kuingia na kutoka kaunti za Kilifi, Mombasa na Kwale zikafungwa. Malindi na Watamu, miji inayoishi kwa mgeni, ikanyamaza. Wahudumu wa hoteli wakarudishwa nyumbani, wenye mashua wakafunga nanga, wauza vinyago wakabaki na vinyago vyao. Njia za Kilifi na Kwale zilifunguliwa Juni, za Mombasa Julai, na ndege za nje zikarudi Agosti.

Jambo la kushangaza ni kwamba kutuma pesa kwa simu hakukuwahi kuwa rahisi hivyo. Kuanzia 16 Machi, ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 iliondolewa kwa makubaliano na Benki Kuu ya Kenya, na ikabaki hivyo hadi mwisho wa mwaka.

Lakini ukweli usemwe: bure inamfaa aliye na mtu wa kumtumia. Sisi ni kampuni ya pesa kwa simu na tunakubali hili bila kuona haya. Simu hubeba pesa, haibebi imani. Imani lazima iwe imetangulia.

Mama karanga na mvuvi

Ukitaka kuona imani ikifanya kazi, nenda ufukweni mashua zikirudi. Utawakuta mama karanga wakingoja na ndoo zao. Hawa ndio wanaonunua samaki, wakawakaanga na kuwauza mtaani.

Msimu wa kaskazi bahari imetulia na samaki ni wengi. Kusi ikianza kuvuma, mvuvi mwenye mashua ndogo anaweza kukaa siku kadhaa bila kutoka. Hapo ndipo mnunuzi anamkopesha pesa ya unga, au ya kurekebisha wavu. Kaskazi ikirudi, mvuvi naye anajua samaki wake wa kwanza ni wa nani. Wapo wanaoumizwa na mikopo hii, hasa pale mkopeshaji anapojipangia bei peke yake. Lakini wanaoheshimiana hudumu miaka, kwa sababu kila mmoja amemwona mwenzake siku mbaya.

Kutoka Gede hadi Ulaya

Mambo haya si ya ufukweni peke yake. Pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 pale Gede. Wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga viwavi, na wakifikia hatua ya pupa huwapeleka Gede. Kutoka hapo hupakiwa na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani.

Pupa hamsubiri mtu. Siku zikipita, kipepeo atatoka akiwa bado ndani ya boksi, na biashara imeisha. Mnunuzi hajawahi kumwona mkulima wa Gede, lakini anaagiza tena kwa sababu kila mkono katika safari ile umetimiza zamu yake. Hiyo ndiyo maana ya mtandao wa kikazi. Picha ulizopiga na wakubwa kwenye mkutano hazifikii hapo.

Hata sisi tuliwahi kukosea

Wakati mmoja tulisimama sokoni Malindi kwa siku mbili, tumevaa fulana zinazong'aa, tukakusanya namba kama 300. Tuliwatumia wote ujumbe mmoja. Waliojibu walikuwa kumi na mmoja, na wanne kati yao waliuliza kama fulana zimebaki.

Wiki hizo hizo, mwenzetu mmoja alikuwa akinywa chai kila asubuhi kwa mama mmoja wa mahamri na mbaazi. Siku moja yule mama akatuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Mwenzetu akakaa naye mpaka zikarudi, wala hakumgusia biashara. Mwezi haukuisha, mama akatuletea chama chake kizima. Tulicheka, halafu tukanyamaza.

Uanzie wapi?

*Salimia bila ombi.* Kama kila ukipiga simu una shida, watu watajifunza kutopokea.

*Toa kabla hujaomba.* Si lazima iwe pesa. Mwelekeze mteja kwa mwenzako, au mwambie jirani kuhusu kazi uliyoisikia.

*Heshimu deni dogo.* Shilingi 200 iliyorudi siku ya ahadi inakujengea jina. Ukiona utachelewa, piga wewe kwanza.

*Chama kiwe wazi.* Pesa zikiingia au zikitoka, kila mwanachama aone. Urafiki mwingi umekufa kwa sababu ya daftari lililofichwa.

*Linda imani hiyo.* Matapeli wanajua unawapenda watu wako. Ukipata ujumbe wa "nimekwama, nitumie haraka", piga simu usikie sauti. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi tungeongeza tu kwamba rafiki huyo hapatikani siku ya dhiki yenyewe. Kwa hivyo leo, kabla hujalala, chagua jina moja katika yale 800. Mpigie. Akikuuliza, "Haya, kuna nini?", mwambie hakuna kitu, ulitaka tu kumjulia hali.