Fahamu: Moodle katika ufundishaji wa vyuo
Moodle ni programu ya kuendeshea masomo kwa njia ya intaneti. Ilibuniwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Haina ada ya leseni, ndiyo maana vyuo vingi, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, huitumia. Bure hiyo, hata hivyo, ina gharama zake: seva, umeme, mafundi na bando la mwanafunzi.

Mhadhiri hupakia notisi, hupokea kazi na hutunga majaribio yanayosahihishwa papo hapo. Wengi, kwa bahati mbaya, huishia kwenye notisi tu, wakaigeuza kabati. Faida kubwa imo kwenye majaribio na mijadala: mwanafunzi hujua mapema alipokwama, na mwalimu humwona asiyeshiriki kabla ya mtihani.