Bandu Bandu Huisha Gogo: Hatari ya Misitu Iliyokatwa Vipande

Msafiri apitaye barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko huona kwamba miti ingalipo: kichaka huku, mikaratusi kule, kijisitu juu ya kilima. Aweza kudhani kuwa mali ya asili haijapungua sana. Lakini kuhesabu miti peke yake hakutoshi. Yafaa yaulizwe maswali mawili. Kila kipande cha msitu kina ukubwa gani? Na je, mnyama, ndege au mbegu yaweza kutoka kipande kimoja ikafika kingine?

MOYO WA MSITU

Uchukuliwe mfano wa msitu wa mraba wenye upande wa kilomita 1, yaani hekta 100. Ikiwa jua kali, upepo, moto wa nyasi na shoka huingia mita 100 kutoka kila ukingo, moyo wa msitu unaobaki salama ni hekta 64. Msitu huo ukigawanywa vipande vinne vilivyo sawa na vilivyoachana, hekta ni zile zile 100, lakini kila kipande hubaki na moyo wa hekta 9 tu. Vyote vinne ni hekta 36. Viumbe wahitajio kivuli na utulivu wamekwisha kupoteza karibu nusu ya makao yao.

Tena, kundi dogo lililofungiwa mahali pamoja huweza kumalizwa na mwaka mmoja wa maradhi au ukame, wala hakuna jamaa wa kuja kuziba pengo. Mwaka 1967 wataalamu wa Marekani, Robert MacArthur na Edward Wilson, walieleza kanuni hiyo kwa visiwa vya baharini. Kijisitu kilichozungukwa na mashamba nacho ni kisiwa.

FUNDISHO LA KIFARU

Nchini Uganda, kifaru mweupe wa kaskazini aliishi magharibi ya mto Nile tu, kwani mto ulimzuia kwenda mashariki. Alipatikana Ajai, hifadhi yenye jina la chifu aliyewalinda wanyama hao, na Mlima Kei ulioko Yumbe, jirani na Koboko. Mwaka 1961 na 1964 baadhi yao walivushwa na kupelekwa Murchison Falls. Waliowamaliza ni majangili, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wametoweka porini kote Uganda. Wenzao wachache walikuwa wangali hai Garamba, nchini Kongo, lakini hapakuwa na njia salama ya kuwaleta upya West Nile. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Kenya tarehe 19 Machi 2018.

FAIDA KWA MKULIMA

Jambo hili halihusu wanyama wakubwa pekee. Katika tambarare za kuelekea Nile, akina mama hukamua mafuta ya kupikia kutokana na mbegu za mti wa shea. Maua yake huhitaji nyuki. Nyuki nao huhitaji maua ya miti mingine baada ya shea kwisha kuchanua. Popo hula matunda yake na kusambaza mbegu. Njia zao zikikatika, mavuno huwa hatarini.

Ukaushaji wa tumbaku, uchomaji wa matofali na biashara ya mkaa vimekula miti kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2023 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda, West Nile ikiwamo. Aidha, kanuni za mwaka 2000 zinaagiza ukanda wa mita 30 uachwe kando ya mito midogo, na mita 100 kando ya mito mikubwa iliyotajwa.

Kanuni hiyo ya kingo ina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Vijito vya Arua na Koboko hushuka toka vilimani hadi Nile. Miti ya asili ikiachwa kandokando yake, huwa ushoroba, yaani njia ya viumbe, unaounganisha kijisitu na kijisitu. Mikaratusi ya kuni na ipandwe mbali na maji, na jiko banifu lipunguze mzigo wa kuni wa kila siku.

Hata hivyo, mwenye shamba mmoja akiacha miti na jirani yake akafyeka hadi majini, njia imekatika. Majirani wa kijito kimoja hawana budi kuafikiana, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.